Jiko la Mkaa Halina Kazi Chumbani

Kuna imani iliyoota mizizi hapa Ilula kiasi kwamba hakuna anayeipinga hadharani: mkaa ukishakolea vizuri, moshi ukaisha, jiko halina madhara tena. Unaliingiza chumbani, unafunga mlango, familia inalala kwenye joto. Nimeisikia imani hiyo sokoni kwa wapanga nyanya, nimeisikia kwa mama lishe wa kando ya barabara kuu, nimeisikia hata kwa watu waliosoma kemia sekondari wakafaulu. Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi inapovuka safu ya Udzungwa na kutushukia, majiko yanahama kutoka uani kwenda vyumbani. Na miaka inapita, mara Iringa, mara Njombe, mara Mbeya, tunasikia habari ya mlango uliovunjwa asubuhi na majirani.

Nataka kuipinga imani hiyo yote, shina na matawi, kwa sababu ni ya uongo na inaua. Nataka kuwapinga pia wanaoitetea kwa jina la huruma, wanaosema maskini hana la kufanya, mwacheni aote moto wake. Analo la kufanya, tena zaidi ya moja.

Tukubaliane kwanza kuhusu baridi yenyewe. Watu wa pwani wakipita hapa mchana kwa basi huona jua na matenga ya nyanya, hawaamini kwamba mtu anaweza kukosa usingizi kwa baridi katika nchi yao hiyohiyo. Iringa mjini, kilometa kama 45 kutoka hapa, usiku wa Julai hushuka mara kwa mara chini ya nyuzi 13, na sisi tuko kwenye nyanda zilezile. Ulaya wangesema hayo ni majira ya kuanza kuvua makoti. Lakini wao wanalala kwenye nyumba zenye dari, kuta nene na madirisha yanayofunga. Sisi wengi tunalala kwenye tofali za kuchoma na bati tupu. Bati linaloangalia anga lisilo na wingu hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka, ndiyo maana alfajiri unaamshwa na matone: pumzi za waliolala zimepanda, zimegusa bati, zimegeuka maji, na sasa zinadondoka juu ya chandarua. Mtu aliyelala chini ya bati hilo, ubavuni ana mtoto anayekohoa, hatanii akisema anahitaji joto. Simlaumu mtu kwa kulitaka. Ninalolipinga ni jibu alilofundishwa.

Jibu hilo linasimama juu ya dhana moja, kwamba hatari iko kwenye moshi. Hebu tuangalie jiko linafanya nini. Hewa inaingia kwa chini, inakutana na makaa ya kwanza, na hapo inazaliwa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo inapopanda katikati ya makaa mengine yaliyo mekundu, inanyang'anywa sehemu ya oksijeni yake na kuwa kaboni monoksaidi. Vile vindimi vya bluu vinavyocheza juu ya jiko lililoanza kukolea ndiyo hiyo kaboni monoksaidi, ikiungua mbele ya macho yako. Vindimi vikizimika na makaa yakabaki mekundu na matulivu, gesi haijaisha. Imeacha kuungua tu, sasa inatoka nzima. Saa ileile tunayotangaza kwamba jiko limekuwa salama ndiyo saa linayomwaga sumu bila kujionyesha.

Kisha tunaongezea kosa juu ya kosa. Kabla ya kuzima taa, mama anachukua kijiko cha jivu na kulinyunyiza juu ya makaa ili yasiishe haraka, yafike alfajiri. Ni mkono wenye hekima ya kubana matumizi, na jikoni hekima hiyo ina maana. Chumbani, jivu lile linayanyima makaa hewa, na makaa yaliyonyimwa hewa hutoa kaboni monoksaidi nyingi zaidi kwa kila kipande kinachoungua.

Moshi angalau unatoa taarifa. Unachoma macho, unakohoza, unakufukuza chumbani. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Ikiingia mapafuni inashika chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara zaidi ya 200, na ikishashika haiachii upesi. Hata ukitoka kwenye hewa safi, nusu yake tu ndiyo hutoka mwilini katika saa nne hadi sita. Aliye macho huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuisha nguvu. Aliyelala hapati hata onyo hilo, kwa sababu usingizi wake unazidi kuwa mzito na hakuna sehemu ya mwili inayomwamsha. Wengine hunusurika kwa sababu tu waliamka kwenda haja ndogo wakaanguka mlangoni.

Kuna wanaodhani hii ni ajali ya watu wasiojua. Émile Zola, mmoja wa waandishi wakubwa wa Ufaransa, alikufa Paris usiku wa kuamkia tarehe 29 Septemba 1902. Alikuwa tajiri, chumba chake kilikuwa na sehemu ya kuotea moto yenye bomba la kutolea moshi, na nje ya dirisha lake kulikuwa na mji uliojaa madaktari. Bomba liliziba. Yeye akafa, mkewe akanusurika kwa shida. Kama bomba la moshi la tajiri wa Paris likiziba linaua, jiko lisilo na bomba kabisa, limewekwa katikati ya chumba cha futi kumi kwa kumi, tunalitegemea litufanyie nini?

Hapo ndipo huletwa utetezi wa pili: tunaacha dirisha wazi kidogo. Huu ndio unaowapumbaza watu waangalifu, kwa hiyo nitakaa nao. Kaboni monoksaidi ina uzito unaokaribiana sana na wa hewa. Haipandi yote ikatoka juu, wala haitulii sakafuni; inachanganyika na hewa ya chumba kizima, na inapita mlangoni hadi chumba cha pili. Kitanda hakimwokoi mtu zaidi ya mkeka. Uwazi wa vidole viwili dirishani unaweza kusaidia usiku wenye upepo na usisaidie kabisa usiku uliotulia, na wewe uliyelala huna namna ya kujua usiku wa leo ni upi. Ukitaka uhakika, fungua dirisha lote na mlango. Lakini ukifungua vyote, joto lote limetoka, na umebaki unachoma mkaa kuwapashia mbu wa nje. Hakuna kipimo cha katikati ambacho mtu anaweza kukikadiria kwa jicho akiwa na usingizi. Jiko la mkaa chumbani ama linakupa joto pamoja na sumu, ama halikupi kimoja wala kingine.

Utetezi wa tatu una heshima zaidi, kwa hiyo na mimi nitaujibu kwa heshima. Wazee wetu, tunaambiwa, walilala na moto ndani vizazi na vizazi. Ni kweli. Wahehe walijenga tembe, nyumba ndefu zenye paa la udongo, na moto uliwaka ndani. Baadaye zikaja nyumba za nyasi, na moto ukaendelea kuwaka ndani. Lakini moto wao ulikuwa wa kuni, uliotoa moshi unaosikika. Walipoona moshi umezidi walifungua au walitoka. Nyasi zilipitisha hewa kila mahali. Mlango ulikuwa wa fito au wa mbao zilizoachana. Na tusiwapambe wazee kwa maisha ambayo hawakuyasifu wenyewe: bibi zetu walizeeka na macho mekundu na kifua kinachokoroma, na watoto waliangukia motoni, na wenye kifafa waliungua.

Sasa angalia nyumba ya leo. Kijana ameuza nyanya vizuri misimu miwili, amejenga. Ukuta umepigwa plasta, dirisha ni la alumini na kioo, mlango umechongwa ukakaa sawasawa na fremu, dari ni ya jipsamu. Hewa haipiti. Hiyo ni nyumba nzuri, nami namwombea kila mtu wa Ilula aipate. Ila mtu huyohuyo akiingiza ndani jiko la babu yake, analiingiza kwenye chumba ambacho babu hakuwahi kukiona. Kile kilichomwacha babu hai, yaani nyufa, amekilipia fundi akizibe. Kwa hiyo hoja ya wazee, ukiitazama vizuri, inageuka upande wangu: kadiri tunavyojenga vizuri zaidi ndivyo jiko la chumbani linavyozidi kuua. Wapangaji wa vyumba vipya na wageni wa nyumba za kulala wageni wako hatarini zaidi kuliko bibi aliye kwenye kibanda cha nyasi huko mlimani.

Jambo linaloniumiza kuliko yote ni chumba cha mzazi. Binti amejifungua, amerudi nyumbani. Bibi ameandaa kila kitu: dirisha limezibwa kwa khanga, nyufa za mlango zimebanwa na vitambaa, jiko limewekwa karibu na kitanda ili mtoto asipate baridi. Yote yamefanywa kwa mapenzi, na msingi wake ni wa kweli, maana mtoto mchanga hupoteza joto upesi na kupoa kunaweza kumuua. Lakini mapafu yake ni ya siku tatu. Anavuta pumzi nyingi kwa dakika kuliko mtu mzima, na damu aliyozaliwa nayo huikamata kaboni monoksaidi kwa ukali zaidi kuliko ya mama yake. Tangu akiwa tumboni ilikuwa hivyo: mjamzito anayelala na jiko anaweza kuamka na kichwa kizito tu, ilhali aliye tumboni ameumia zaidi.

Na dawa ya baridi ya mtoto inajulikana. Mwaka 1978, Bogotá nchini Kolombia, hospitali ilikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwapashia joto. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwafunga watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza njia hiyo, na wauguzi wetu wanaiita kangaroo. Mtoto uchi, amevaa nepi na kofia tu, amelazwa kati ya matiti ya mama, khanga moja imewafunga wote wawili, blanketi juu. Mama akichoka, baba anafungiwa, bibi anafungiwa. Shirika hilohilo linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24. Bibi aliyezoea kuchochea jiko anaweza kupewa kazi kubwa zaidi: kumbeba mjukuu kifuani mwake mama anapolala. Hakuna jiko linalolingana na kifua hicho kwa usawa wa joto, nacho hakitoi gesi.

Sasa niwageukie wanaosema tatizo ni umaskini. Wanasema: mwenye hela ananunua hita ya umeme, asiye nayo atafanyaje? Hoja hii inasikika kama ya haki. Kwangu ni hoja ya uvivu, kwa sababu imekubali kwamba kuna njia mbili tu duniani, hita na jiko, na ikaacha kutafuta.

Tuhesabu. Hita ya wati 1,500 ikiwaka saa tatu kila usiku inakula uniti 4.5, sawa na uniti 135 kwa mwezi. Kwa uniti ya karibu shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, hiyo ni zaidi ya shilingi 1,600 kwa usiku, karibu 48,000 kwa mwezi. Na aliye kwenye daraja la watumiaji wadogo, anayelipa kama shilingi 122 mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi, hita itamtoa kwenye daraja hilo. Kwa hiyo ni kweli, hita si jibu kwa mkulima wa vitunguu, hata kama nyaya za nyumba yake zingeihimili, na nyingi haziihimili. Gesi nayo? Wapo wanaowasha plate sebuleni jioni ili pachangamke. Mtungi wa kilo 6 kwenye moto wa kawaida utaisha kwa siku kama kumi na mbili za saa tatu tatu. Isitoshe, kila kilo ya gesi inayoungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke, ambayo yote yatapanda kwenye bati na kurudi kitandani kama matone. Na katika chumba kilichofungwa, nayo ikikosa hewa hutoa kaboni monoksaidi ileile. Gesi ni ya kupikia, na kwa kupikia ni nzuri sana.

Hesabu nyingine basi. Lita mbili za maji kutoka kwenye ubaridi wa Julai hadi karibu kuchemka, kwenye birika la umeme, hula kama uniti 0.2. Hiyo haizidi shilingi 75 kwa bei ya kawaida, na kwa mtumiaji mdogo ni kama shilingi 25. Mimina kwenye ule mfuko wa mpira unaouzwa maduka ya dawa, funga kizibo, geuza uhakikishe hauvuji, uzungushie kitenge mara mbili ili usimuunguze mtu, ingiza chini ya blanketi nusu saa kabla ya kulala. Kitanda kinakuwa na joto ambalo jiko lililo mita mbili pembeni haliwezi kulileta, kwa sababu jiko linapasha hewa, hewa inapanda, na bati linaipeleka angani. Usiye na umeme hulipi hata hizo shilingi. Makaa yaliyobaki baada ya ugali, yaleyale uliyotaka kuyaingiza ndani, yawekee sufuria ya maji huko huko uani. Moto ubaki nje, joto liingie ndani likiwa kwenye maji.

Najua kuna watakaouona mfuko wa maji ni kitu cha wagonjwa. Lakini waitazame Korea Kusini, iliyowahi kupita hapa tulipo, kwa maumivu makubwa. Baada ya vita vyao, familia nyingi zilipasha sakafu za nyumba kwa yeontan, vibonge vya makaa ya mawe vyenye matundu, vilivyowaka chini ya sakafu. Gesi ilipenya kwenye nyufa. Miaka ya 1960 na 1970, watu kufa usingizini ilikuwa habari ya kila msimu wa baridi. Matangazo ya tahadhari yalitolewa, lakini kilichobadilisha mambo zaidi ni nyumba zenyewe: moto uliondolewa chini ya vyumba vya kulala, na maji ya moto yakapitishwa kwenye mabomba chini ya sakafu. Kanuni ni ileile ya mfuko wa mpira na sufuria ya uani. Maji yanabeba joto na hayabebi sumu.

Lakini mfuko wa maji unapasha kitanda. Nyumba inapashwa na nini? Nyumba ya Ilula inapashwa na jua pamoja na sisi wenyewe. Kipupwe chetu ni kikavu. Mchana wa Julai jua linawaka waziwazi. Mtu mzima aliyelala naye hutoa joto la kama wati 70 hadi 80 usiku kucha, kwa hiyo familia ya watu wanne tayari ni hita ndogo isiyolipiwa LUKU. Joto hili lote tunalo, ila tunaliachia. Linatoka juu, kwenye bati, na kwenye lile pengo kati ya ukuta na kenchi ambalo fundi alisema atarudi kulijaza.

Nadai kwamba chaguo la kwanza la joto kwa nyumba yoyote ya ukanda huu ni dari. Tumezoea kuiona dari kama pambo la mwisho, baada ya rangi, baada ya sofa, baada ya televisheni. Tumekosea mpangilio. Anayeweza plaiwudi au jipsamu aweke. Asiyeweza ashone magunia ya salfeti yaliyofuliwa, ayavute kwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta juu ya chumba cha kulala tu, si lazima nyumba nzima. Mianzi tunayo Iringa. Ikipasuliwa na kusukwa inafanya dari nzuri inayodumu. Tabaka lolote linalotenganisha hewa ya chumba na bati litabadilisha usiku wako, na matone ya alfajiri yatapungua. Jaza pengo la juu ya ukuta kwa udongo na vipande vya tofali, ukiacha tundu dogo la kupitishia pumzi. Chini ya godoro weka gunia lililojazwa maganda makavu ya mahindi, kwa maana sehemu ya baridi tunayoilalamikia inatoka sakafuni. Na nirudie ili nisieleweke vibaya: chumba kilichozibwa hivi kisiingizwe jiko hata kwa dakika kumi.

Anayeanza kujenga ana nafasi kubwa zaidi. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua letu hukaa upande wa kaskazini; mchana wa tarehe 21 Juni limeinama nyuzi kama 31 kutoka utosini. Dirisha kubwa la chumba cha kulala likielekea kaskazini litakula jua lote la kipupwe, na ukuta wa tofali ndani utalihifadhi hadi usiku. Kusi inatoka kusini-mashariki. Mlango usielekezwe huko, jiko na stoo ndivyo viwekwe upande huo viikinge nyumba. Ushauri huu haugharimu shilingi. Lakini wengi wetu tunageuza nyumba iangalie barabara kuu, malori yapitayo yaione, kisha tunatetemeka ndani.

Serikali nayo ina sehemu yake, na sisemi hivi kwa kuibeza kazi iliyofanyika. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, na siku chache baadaye alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris kuhusu jambo hilohilo. Takwimu inayotajwa na serikali ni vifo 33,000 kwa mwaka nchini vinavyotokana na moshi na gesi za kupikia. Nauunga mkono mkakati huo. Ila uliandikwa kwa macho ya Dar es Salaam, ambako hakuna anayehitaji jiko limpashe joto. Huku juu, jiko lilifanya kazi mbili siku zote. Mama aliyepata mtungi wa ruzuku anapika ugali kwa dakika chache, anazima, na jiko la nje limebaki baridi, nyumba imebaki baridi, watoto wamekaa wanatetemeka. Kwa hiyo Juni anakoka mkaa upya, safari hii si kwa chakula. Kwenye hesabu za mkakati ameshahama. Chumbani mwake hajahama, na sasa jiko halina hata sababu ya kukaa uani.

Kampeni isiyozungumzia joto, Iringa, Njombe na Mbeya, itaondoa jiko jikoni na kulisukuma chumbani. Ninachoomba kinatekelezeka. Halmashauri ya Wilaya ya Kilolo, kama nyingine zote, inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wanaotengeneza dari za mianzi na za bei nafuu ni mradi kamili, wateja wako kila kitongoji, na msimu wake unajulikana. Kikundi cha akina mama wanaoshona vifuniko vya mifuko ya maji ya moto ni mradi mwingine. Na mwenye nyumba anayepangisha vyumba vyenye bati tupu, kisha akamwambia mpangaji "ukisikia baridi washa jiko," aulizwe na mjumbe wa shina. Kodi ya miezi sita analipwa mkononi. Chumba kimoja cha dari hakitamfilisi.

Limebaki jambo moja ambalo imani hii imelifunika, nalo ni aibu. Mtu akiamka na kichwa kinachopasuka, anatapika, miguu haina nguvu, familia inasema malaria au imekula kitu kibaya. Akifika Hospitali ya Kilutheri ya Ilula au zahanati yoyote, hasemi habari ya jiko, kwa sababu ameshasikia matangazo na anaogopa kugombezwa. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kitasoma kwamba oksijeni yake iko sawa, kwa kuwa hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi. Atapimwa malaria, atapewa panadoli, atarudi nyumbani kwenye jiko lilelile. Ukimkuta ndugu yako amezirai chumbani, fungua milango, mtoe nje kwanza, piga 114 kwa Zimamoto, usimnyweshe maziwa wala maji ya ndimu, mkimbize hospitali. Na ukifika mapokezi, kabla hujaulizwa jina la mgonjwa, sema: kulikuwa na jiko la mkaa chumbani, na waliolala humo walikuwa wangapi. Wengine wako bado nyumbani, wamelala, wanadhaniwa wamechoka.